Pima Ukurasa Kabla ya Kununua Kioo

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Siku hizi kipya kinachobisha hodi katika nyumba za askari na za raia ni kifaa cha kusomea vitabu: kibao chembamba, chenye kioo kisichomeremeta, kiwezacho kubeba vitabu elfu moja na zaidi bila kuongeza hata gramu moja ya uzito. Aendaye kukinunua aghalabu huuliza bei, kisha huuliza inchi. Ni wachache wanaouliza swali ambalo lingepaswa kutangulia yote mawili: je, ni kurasa za namna gani zitakazosomwa humo, na ni nani hasa atakayezisoma?

Chukua mfano wa nyumba moja ya Kanzenze, wilayani Rubavu, ambayo yaweza kuwa nyumba yoyote ya askari. Baba ni polisi. Kituo chake ki mbali, naye hurudi nyumbani kwa likizo tu. Mama hulima viazi katika udongo mweusi wa volkeno na kuangalia mambo yote ya nyumba. Binti yao mkubwa yumo mwaka wa nne wa sekondari, na somo analolipenda ni hisabati. Katika nyumba hiyo yumo pia bibi mzaa baba, ambaye huisoma Biblia yake kila jioni akiiweka mbali na uso kwa kadiri mkono unavyoweza kunyooka.

Baba alipokuja likizo alikuwa amekwisha kukata shauri. Alitaka kifaa cha inchi 13, kikubwa kupita vyote alivyovisikia, na alikuwa tayari kuomba mkopo mdogo Zigama CSS ili kujazia akiba iliyopo.

"Mama watoto," alisema, "tukinunua kidogo tutajuta. Kikubwa ndicho kitakachotufaa sote."

"Baba watoto," alijibu mama kwa upole, "akiba unayoisema ndiyo mbegu ya viazi ya msimu ujao, na mkopo nao utalipwa kwa viazi hivyo hivyo. Afadhali tupime kwanza, tujue ukubwa tunaouhitaji."

Neno hilo la mama ndilo linalostahili kufuatwa na kila mwenye nyumba. Kupima kwenyewe si kazi ngumu, wala hakuhitaji fundi.

INCHI HAZISEMI YOTE

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba inchi zinazotajwa dukani hazipimi upana wa kioo wala urefu wake. Hupimwa kutoka pembe moja kwenda pembe inayoikabili. Kwa hiyo vioo viwili vyenye inchi sawa vyaweza kuwa na maumbo tofauti kabisa.

Simu nyingi za siku hizi zina kioo cha inchi 6.5 hivi. Msikiaji atadhani kwamba simu hiyo inashinda kifaa cha kusomea cha inchi 6. Kumbe sivyo. Kioo cha simu ni kirefu na chembamba. Upana wake ni karibu sentimita 7 tu. Kioo cha inchi 6 cha kifaa cha kusomea kina upana wa sentimita 9 na urefu wa sentimita 12. Mstari wa maandishi huhitaji upana. Kwa hiyo mwenye inchi chache ndiye mwenye nafasi ya kutosha zaidi.

Jambo la pili ni kwamba inchi zikiongezeka kidogo, eneo la kioo huongezeka sana. Kutoka inchi 6 kwenda inchi 7, eneo huzidi kwa zaidi ya theluthi moja. Kutoka inchi 6 kwenda inchi 8, hukaribia mara mbili. Kutoka inchi 6 kwenda inchi 10.3, hukaribia mara tatu. Nayo bei, aghalabu, hupanda kwa kadiri hiyo au kuipita.

Mwenye nyumba asiyekuwa na rula anaweza kutumia karatasi ya kawaida ya ofisini, ile iitwayo A4. Karatasi nzima inakaribia ukubwa wa kioo cha inchi 13.3. Ikikunjwa mara moja katikati, nusu yake ni karibu sawasawa na kioo cha inchi 10.3. Ikikunjwa mara ya pili, robo yake, ambayo ni kama kadi ya posta, ni karibu sawasawa na kioo cha inchi 7. Mama wa Kanzenze aliikunja karatasi hiyo mezani mbele ya familia yake, na kwa mara ya kwanza kila mmoja alikiona kwa macho kile kilichokuwa kikitajwa kwa tarakimu.

VITABU VYA NAMNA MBILI

Kuna vitabu ambavyo mistari yake hujipanga upya kwa kufuata kioo. Msomaji akikuza herufi, maneno machache huhamia mstari unaofuata na kurasa huongezeka, lakini hakuna kinachopotea. Riwaya nyingi ziuzwazo kwa vifaa hivi ni za namna hiyo, na Biblia vilevile. Kwa vitabu hivyo kioo cha inchi 6 chatosha kabisa. Sony Librie, iliyotolewa Japani mwaka 2004, ilikuwa na inchi 6. Na Kindle ya kwanza, iliyotolewa Marekani mwezi wa Novemba 2007, ilikuwa hivyo hivyo.

Namna ya pili ni kurasa zisizobadilika, ambazo wengi wanazijua kwa jina la PDF. Ukurasa wa namna hiyo ni kama picha ya karatasi: ukiwekwa katika kioo kidogo, wote hunywea, herufi pamoja na michoro. Hapa ndipo ushauri unaoandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya na Marekani unapoweza kumpotosha msomaji wa kwetu. Msomaji wa huko hununua riwaya zinazojipanga zenyewe. Msomaji wa kwetu, mara nyingi, anachokitafuta kipo katika PDF: vitabu vya shule vinavyotolewa na Bodi ya Elimu ya Msingi ya Rwanda, maswali ya mitihani iliyopita, maelekezo ya kilimo, na maandishi ya serikali.

Polisi wa mfano wetu alitaka kuisoma vizuri Sheria Na. 68/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, inayoeleza makosa na adhabu kwa ujumla. Sheria hiyo, kama sheria nyingine zilizomo katika Gazeti Rasmi la Rwanda, imechapwa kwa safu tatu katika kila ukurasa: Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, bega kwa bega. Ukurasa wenye safu tatu ukibanwa katika upana wa sentimita 9, kila safu hubaki na sentimita 3 au chini yake. Macho ya kijana yenyewe yatashindwa.

JARIBIO LA FOTOKOPI

Mama na binti walishuka hadi senta ya Mahoko wakiwa na kurasa mbili zilizochapwa katika karatasi ya A4: mmoja wa kitabu cha hisabati na mmoja wa Gazeti Rasmi. Wakamwomba mwenye mashine ya fotokopi azipunguze kwa vipimo vitatu. Asilimia 41 huonyesha ukurasa mzima utakavyokuwa katika kioo cha inchi 6. Asilimia 50 huonyesha takriban kioo cha inchi 7. Asilimia 71, ambayo mashine nyingi zina kitufe chake kwa kuwa ndicho kipimo cha kugeuza A4 kuwa nusu yake, huonyesha kioo cha inchi 10.3. Gharama yake haikufika hata bei ya kilo chache za viazi.

Jioni, taa ilipowashwa, nakala zile ziliwekwa mezani. Herufi kubwa ambayo katika karatasi nzima ilikuwa na kimo cha milimita 3, katika asilimia 41 ilibaki na milimita 1 na kidogo. Hakuna aliyeweza kuisoma kwa raha. Katika asilimia 50 binti alisoma maneno yote, akaanza kutabasamu. Lakini alipofika kwenye hesabu alisita. Tarakimu ndogo iandikwayo juu ya herufi, ile inayoeleza kipeo, ilikuwa imefifia.

"Hii ni mbili au tatu?" aliuliza mama.

Binti aliinamia karatasi, akaisogeza kwenye taa, akasema, "Nadhani ni mbili."

Ilikuwa tatu.

Hapo ndipo baba alipokaa kimya. Katika riwaya, herufi moja ikipotea msomaji huikisia, na hadithi huendelea. Katika hisabati, kipeo kimoja kikikosewa hesabu nzima huharibika, na mwanafunzi huona kwamba yeye ndiye mjinga, ilhali kosa ni la kioo. Mtoto asomaye kwa kukisia usiku baada ya usiku hujifunza kukisia.

Katika nakala ya asilimia 71 kipeo kilionekana wazi, na safu tatu za sheria zilisomeka, ingawa kwa kukaza macho kidogo.

KUGEUZA NA KUPUNGUZA PAMBIZO

Kwa jaribio hilo mtu angedhani kwamba jibu limekwisha kupatikana: na inunuliwe inchi 10.3. Lakini kuna hila mbili za halali ambazo humpunguzia mnunuzi gharama.

Ya kwanza ni kukilaza kifaa ubavu, ili urefu wake uwe upana. Kioo cha inchi 8 kikisimama kina upana wa sentimita 12 hivi; kikilazwa kina upana wa sentimita 16, ambao unapita kidogo upana wa kioo cha inchi 10.3 kilichosimama. Ukurasa husomwa nusu ya juu kwanza, kisha nusu ya chini.

Ya pili ni kupunguza pambizo. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, lakini pembeni huachwa nafasi tupu, aghalabu sentimita 2 na nusu kila upande. Maandishi yenyewe hubaki na upana wa sentimita 16. Kifaa kiwezacho kuondoa nafasi hiyo tupu hakipotezi kioo chake kwa kuonyesha weupe. Basi kioo cha inchi 8 kilicholazwa, pambizo zikiondolewa, huonyesha maandishi kwa ukubwa ule ule wa karatasi ya awali. Kioo cha inchi 7 huyaonyesha kwa karibu asilimia 89, na kile cha inchi 6 kwa asilimia 76.

Si kila kifaa kinachofanya kazi hizo mbili kwa wepesi. Mnunuzi asiridhike na maneno ya muuzaji. Aende na PDF yake mwenyewe, aombe ifunguliwe, ilazwe, na ipunguzwe pambizo mbele ya macho yake. Anayehitaji kuona ukurasa mzima kwa mara moja, kama vile ramani, mchoro mrefu au jedwali kubwa, yeye hana budi kwenda kwenye inchi 10 au kupita hapo.

Rwanda si mgeni wa jambo hili. Mwaka 2008 nchi ilipoanza mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, kompyuta ndogo ya XO iliyogawiwa shuleni ilikuwa na kioo cha inchi 7.5. Kioo hicho kiliweza kugeuzwa na kulazwa juu ya vibonyezo ili kishikwe kama kitabu, na katika jua kali kilisomeka kwa weusi na weupe. Waliokitengeneza walijua kwamba mtoto husoma nje, penye mwanga, kuliko ndani ya chumba chenye giza.

ASKARI ALIYE SAFARINI

Mahitaji ya askari aliye mbali na nyumbani si mahitaji ya mwanafunzi. Yeye hubeba kila kitu chake mgongoni, na kila gramu huhesabiwa. Kindle ya inchi 6 iliyotolewa mwaka 2022 ilikuwa na uzito wa gramu 158. Kindle Scribe ya mwaka huo huo, yenye inchi 10.2, ilikuwa na gramu 433. Ya kwanza huingia katika mfuko mpana wa sare; ya pili huhitaji mkoba.

Kioo cha namna hii kinamfaa askari kwa sababu ya jinsi kilivyoundwa. Ndani yake mna vifuko vidogo mno vyenye punje nyeusi na nyeupe. Umeme huzisukuma punje hizo juu au chini ukurasa unapofunguliwa. Zikishatulia hazihitaji umeme tena. Ndiyo maana betri hudumu kwa majuma kadhaa, na ndiyo maana jua halikifutilii mbali kama linavyofuta kioo cha simu. Kwa askari asomaye riwaya au kujifunza lugha wakati wa mapumziko, inchi 6 au 7 zatosha. Lakini taa ya kifaa na mawasiliano yake vizimwe kwa kadiri ya amri za kambi, na penye lindo kitabu hufungwa, kiwe cha karatasi au cha kioo.

KIOO NI KIOO

Ukubwa una adui wake, naye ni kuvunjika. Shirika la Worldreader lilipoanza kugawa vifaa vya inchi 6 kwa wanafunzi wa Ghana mwaka 2010, tathmini ya jaribio hilo ilionyesha kwamba karibu vifaa vinne katika kila kumi viliharibika, na vioo ndivyo vilivyokuwa dhaifu zaidi. Watoto hawakuwa wakorofi. Waliviweka katika mikoba pamoja na vitu vingine, wakavikalia, wakaviangusha. Kioo kikiwa kipana zaidi, hupindika kwa urahisi zaidi kinapokandamizwa. Kwa hiyo bei ya kasha gumu ihesabiwe tangu mwanzo kuwa sehemu ya bei ya kifaa, na kifaa kiwe na mahali pake nyumbani: juu ya rafu, mbali na mvuke wa jikoni na mbali na kitanda.

MACHO YA BIBI

Bibi naye asisahauliwe. Watu wengi wapatao umri wa miaka 40 na kuendelea huanza kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Hilo haliponi kwa kununua kioo kikubwa. Bibi wa mfano wetu hakuweza kuisoma hata nakala ya asilimia 71. Mkwewe alimpeleka kwanza kituo cha afya; kwani tangu mwaka 2012 Wizara ya Afya ya Rwanda, ikishirikiana na shirika la Vision for a Nation, iliendesha mafunzo ya wauguzi wa vituo vya afya ili wapime macho na kutoa miwani ya kusomea. Miwani hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya kifaa. Na kwa kuwa Biblia ni kitabu ambacho mistari yake hujipanga upya, herufi zake zaweza kukuzwa katika kioo cha ukubwa wowote.

SHAURI LILIVYOKATWA

Usiku wa mwisho wa likizo ile familia ilikaa tena mezani. Kulikuwa na wasomaji watatu na fedha za kifaa kimoja. Kifaa hakiwezi kulala nyumba mbili: kikienda kituoni na baba, binti atabaki na madaftari yake, kikibaki, baba atarudi kazini na simu tu. Kuchagua inchi, walitambua, ni kuchagua msomaji.

Baba alizichukua nakala za fotokopi, akazitazama moja baada ya nyingine, kisha akaiweka ile ya hisabati mbele ya bintiye.

"Sheria nitaisoma kituoni, katika kompyuta ya ofisi," alisema. "Na nikija likizo nitaisoma hapa. Wewe mtihani wako haungoji likizo yangu."

Wakaafikiana juu ya kifaa cha inchi 8, chenye uwezo wa kulazwa na kupunguza pambizo, pamoja na kasha lake gumu. Mkopo haukuombwa. Mbegu ya viazi ikabaki katika hesabu yake, na jembe halikukosa kazi msimu ulipofika.

Familia nyingine, yenye kazi nyingine, yaweza kufikia jibu jingine, nalo likawa sahihi. Mwenye kusoma riwaya tu asilipie inchi 10 za bure. Mwenye michoro na ramani asijidanganye kwa inchi 6 kwa kuwa ni rahisi. Lililo muhimu ni kutanguliza ukurasa: uchukue ule utakaosomwa kila siku, uupunguze kwa fotokopi, uuweke mbele ya yule atakayeusoma, wakati ule ule na kwa taa ile ile atakayoitumia. Kisha mwulize asome kwa sauti. Akisita, kioo hicho ni kidogo. Akisoma bila kusita, hakuna haja ya kulipia kikubwa zaidi.